Flochati Yako Si Picha: Stori ya Miaka Mia Moja Unafaa Kuijua

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Mwaka wangu wa mwisho wa diploma, mradi wangu ulikuwa mfumo mdogo wa chama. Si mnajua vyama vya kina mama: wanachama 12, kila mwezi kila mtu analeta mchango, mmoja anachukua zote, na asiyeleta anapigwa faini. Mamangu yuko kwa moja huko Kayole, kwa hivyo hizo sheria nimezijua tangu utotoni. Nikachora chati ya mtiririko, ile sisi huita tu flochati, kwa programu fulani niliyopakua ya majaribio ya siku 30. Visanduku vimepangwa, mishale imenyooka, rangi iko. Nikahifadhi kama picha, nikabandika kwa ripoti, nikalala usingizi wa mfalme.

Wiki 6 baadaye msimamizi wangu akaiangalia, akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali moja tu: "Kijana, na yule anayekataa kulipa faini, anaenda wapi?"

Mazee. Hakuwa anaenda popote. Kwa mchoro wangu, mtu akishapigwa faini mshale unampeleka moja kwa moja hadi mwisho, kana kwamba watu wote hulipa faini wakitabasamu. Kulihitajika swali moja zaidi, kisanduku kimoja na mishale michache. Kazi ya dakika 5. Lakini siku zangu 30 zilikuwa zimeisha, programu imekataa kufunguka, faili lenyewe liko kwa fomati ambayo hakuna kitu kingine kwa laptopu yangu kingeweza kuisoma, na kilichobaki mkononi ni picha. Sasa picha utaiambia nini? Huwezi kuiambia "sogea kidogo, kuna mwenzako anaingia hapo." Nilichora upya kila kitu kwa saiba ya mtaa, na mwenyewe akanihurumia akaniachia hadi saa sita usiku.

Hasira ya usiku ule ndiyo ilinifanya nianze kusoma historia ya hivi vitu. Na nilichokuta kimebadilisha vile ninahifadhi kazi yangu hadi leo. Nitasema sasa hivi ndio usingoje hadi mwisho: flochati si picha. Flochati ni orodha mbili, orodha ya hatua na orodha ya mishale. Picha ni nguo tu ambayo hizo orodha huvaa. Ukihifadhi nguo ukatupa mwili, umebaki na nini?

Watu waliojua hili walilipigania kwa miaka mingi, na kwa njia walipeleka kampuni kubwa kortini. Twende polepole.

Ilianza na matofali

Wengi wetu tulikutana na flochati kwa somo la kompyuta shule ya upili, kwa hivyo tunadhani ilizaliwa na kompyuta. Zii. Ilizaliwa mjengoni.

Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Frank Gilbreth, aliyeanza kazi kama fundi wa kupanga matofali. Kitu kilichomsumbua ni hiki: kila fundi aliyemfundisha alikuwa na mtindo wake, na hata fundi mmoja alikuwa na mitindo tofauti akifanya haraka na akifanya polepole. Gani ndio bora? Huwezi kujua bila kuandika kila hatua. Mkewe, Lillian Gilbreth, alikuwa na shahada ya uzamifu katika saikolojia, na wawili hao wakafanya kazi ya kuchunguza kazi. Walilea familia kubwa huku wakipima hatua za wafanyakazi viwandani.

Mwaka wa 1921 waliwasilisha kwa chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani njia yao ya kuchora kazi yoyote kwa alama ndogo: hapa kitu kinafanywa, hapa kinasafirishwa, hapa kinakaguliwa, hapa kinangoja. Ukiangalia mstari mzima unaona mahali kazi inakwama. Kumbe flochati ya kwanza ilikuwa ya kumpunguzia mtu mgongo kuuma. Hakuna kompyuta hata moja ndani yake.

Kompyuta zilikuja baadaye. Mwaka wa 1947, pale Princeton, Herman Goldstine na John von Neumann waliandika ripoti ya kueleza jinsi ya kupanga hesabu kwa mashine mpya ya kielektroniki. Shida yao ilikuwa kwamba mashine haisomi maagizo kutoka juu hadi chini tu kama kitabu. Inarudi nyuma, inaruka mbele, inaamua. Wakatumia visanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Kutoka hapo, kila mtu aliyefundishwa kuandika programu alifundishwa pia kuchora visanduku.

Tatizo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema

Sasa fikiria ofisi ya miaka ya 1950. Programu zimetobolewa kwa kadi za karatasi. Mwandishi wa programu ana penseli na kile kirula cha plastiki chenye matundu ya maumbo: mstatili wa kazi, almasi ya swali, duara la kuunganisha. Anachora flochati yake vizuri, mkubwa anaweka sahihi, faili linaenda kabatini.

Wiki ijayo programu inabadilishwa. Nani anarudi kabatini kurekebisha mchoro? Hakuna. Baada ya mwaka, programu inafanya kitu kimoja na mchoro unasema kingine. Na ramani inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa ramani. Ukikosa ramani utauliza njia, lakini ukipewa ramani ya uongo utaenda nayo ukiwa na uhakika wote.

Aliyeshika tatizo hili mapema ni Lois Haibt wa IBM. Alikuwa mwanamke pekee katika timu ndogo iliyotengeneza FORTRAN, lugha ya programu iliyotoka 1957. Kazi yake ndani ya FORTRAN ilikuwa sehemu inayochunguza programu inaelekea wapi: ikifika hapa inaweza kuruka wapi, na mara ngapi. Unaona vile hiyo ni flochati tayari, ila iko ndani ya kichwa cha mashine? Mwaka wa 1959 akachapisha maelezo ya programu inayosoma programu nyingine na kuchora flochati yake, tena kwa viwango: ukitaka muhtasari unapata muhtasari, ukitaka undani unapata undani.

Yaani zaidi ya miaka 60 iliyopita mtu alikuwa ameshaamua kwamba binadamu asichore. Mashine ichore kutoka kwa kitu chenyewe, ndio mchoro usidanganye.

Mwaka wa 1963 kijana wa miaka 25 anaitwa Donald Knuth naye akachapisha kazi kuhusu flochati zinazochorwa na kompyuta. Leo Knuth ni mmoja wa majina makubwa kabisa katika sayansi ya kompyuta. Nataja umri wake makusudi, kwa sababu wengi mnaosoma hapa mko karibu na hiyo miaka.

Na hizi programu zilifanyaje kazi? Si uchawi. Programu inapita kwa msimbo mstari baada ya mstari. (Msimbo, si kodi, tusije tukaitana KRA hapa.) Kila mstari inauliza: wewe unafanya kazi, unauliza swali, ama unaruka? Kazi inakuwa mstatili. Swali linakuwa almasi yenye njia mbili za kutoka. Kuruka kunakuwa mshale. Mwisho wa safari mashine iko na zile orodha mbili nilizowaambia: hatua, na nani ameunganishwa na nani. Hapo ndipo inaanza kupanga visanduku kwa karatasi. Printa zenyewe zilikuwa za kuchapa herufi tu, kwa hivyo kuta za visanduku zilijengwa kwa vistari na nyota. Si maridadi, lakini ni za kweli.

Flochati iliyofika kortini

Hii ndio sehemu ninayoipenda zaidi.

Mwaka wa 1959 kikundi cha waandishi wa programu kiliunda kampuni Princeton, New Jersey, ikaitwa Applied Data Research, ADR. Mmoja wa wakubwa wake alikuwa Martin Goetz. Katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya kompyuta ya RCA iliwaomba waandike programu ya kuchora flochati kiotomatiki. ADR wakaandika. RCA wakaiangalia wakasema asante, hatuitaki.

Wewe ungefanya nini? Siku hizo programu haikuwa bidhaa. Ulinunua kompyuta, na programu zilikuja ndani yake bure, vile ukinunua viazi kilo mbili mama mboga anakuongezea dhania. Hakuna aliyelipia dhania.

Goetz akaamua atauza dhania. Akaipa jina Autoflow, akawaandikia wateja wa RCA moja kwa moja, bei dola 2,400. Walionunua? Wawili. Wengi wetu hapo tungefunga biashara. ADR wakaiandika upya kwa mashine za IBM, ambazo ndizo zilikuwa zimejaa sokoni, na hapo ikaanza kwenda. Autoflow inahesabiwa miongoni mwa programu za kwanza kabisa kuuzwa kama bidhaa ya kujitegemea, kama kiatu au redio. Goetz huyo huyo alipata hataza ya kwanza ya programu nchini Marekani mwaka wa 1968, ingawa hiyo ilikuwa ya kupanga data, si ya flochati.

Shida ikawa moja. IBM pia walikuwa na programu ya flochati, na walikuwa wanaitoa bure. Utashindanaje na bure? Kila mteja aliyeambiwa bei ya Autoflow alijibu: si IBM watanipa yao? Mwaka wa 1969 ADR wakaishtaki IBM. Wakati huohuo serikali ya Marekani nayo ilikuwa imeishtaki IBM kwa kuhodhi soko. Presha ikapanda, na tarehe 23 Juni 1969 IBM wakatangaza kwamba wataanza kutenganisha bei ya programu na bei ya mashine. Mwaka uliofuata wakamalizana na ADR nje ya korti, na ADR wakalipwa.

Sitawadanganya kwamba flochati peke yake iliunda biashara ya programu. Kulikuwa na kesi nyingine na sababu nyingine. Lakini katikati ya ile vita kulikuwa na programu inayochora visanduku na mishale. Kila kijana Nairobi anayeuza app yake leo bila kuuza simu pamoja nayo, anatembea kwa barabara ambayo Autoflow ilisaidia kuichonga.

Halafu mtu akasema ukweli mchungu

Mwaka wa 1975 Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa IBM, alitoa kitabu The Mythical Man-Month. Humo aliipiga flochati bila huruma. Alisema imesifiwa kupita kiasi. Alisema hajawahi kumwona mwandishi wa programu mzoefu akichora flochati ya kina kabla ya kuandika. Wakilazimishwa na ofisi, wanaandika programu kwanza, halafu mchoro unatengenezwa baadaye, mara nyingi na mashine, ili mkubwa aridhike.

Nilisoma hiyo nikacheka, kwa sababu ndivyo nusu ya darasa letu lilifanya. Mfumo kwanza, flochati usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Na Brooks alikuwa sahihi. Kama mashine inachukua kila mstari wa msimbo na kuuwekea kisanduku, umepata nini? Msimbo uleule, sasa umejaza kurasa 40. Mchoro una maana pale unapoonyesha kitu ambacho msimbo unakificha: uamuzi. Nani anakubaliwa, nani anarudishwa, nani amesahaulika njiani. Kwa hivyo somo la kwanza, mashine ichore, liko sawa, lakini halitoshi. Somo la pili ni kuhusu kile tunachompa mashine achore, na tunakiweka wapi.

Mwili na nguo

Mwaka ule ule wa 1969 wa kesi, ndani ya IBM hiyo hiyo, watu watatu walikuwa wanashughulikia tatizo lingine: hati za kisheria. Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walitaka mifumo tofauti iweze kusoma hati moja. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza: usiandike "maneno haya yawe makubwa na meusi." Andika "hiki ni kichwa cha habari." Sema kitu ni nini, si kinafanana vipi. Mwonekano utaamuliwa baadaye, na mwingine.

Lugha yao ikaitwa GML. Ikakua ikawa SGML, kiwango cha kimataifa mwaka wa 1986. Hiyo ilikuwa nzito, ya mashirika makubwa. Ikapunguzwa uzito, na tarehe 10 Februari 1998 shirika la W3C likaidhinisha XML. Faili la XML ni maandishi ya kawaida. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya maandishi, hata ile ya bure iliyokuja na laptopu yako.

Sasa unganisha hizi stori mbili. Flochati ni hatua na mishale. XML ni njia ya kusema kitu ni nini na kinahusiana na nini. Zilikuwa zimetengenezewana. Lakini soko lilichukua njia ndefu. Programu maarufu ya michoro, Visio, ilitoka 1992, na Microsoft wakainunua mwaka wa 2000 kwa zaidi ya dola bilioni moja. Kwa miaka mingi faili lake la kawaida lilikuwa la siri, si la kusomwa na macho ya mtu. Baadaye ikaongezwa njia ya kuhifadhi kwa XML, na kuanzia toleo la 2013 faili la kawaida la Visio likawa ni XML iliyofungwa kwa zipu. Draw.io, ambayo wanafunzi wengi huitumia bure, huhifadhi kwa XML pia. Na BPMN, kiwango cha kuchora taratibu za kazi ofisini, kilipofika toleo la 2.0 mwaka wa 2011, kilikuja na XML yake rasmi.

Wacha niwaonyeshe flochati yangu ya chama, ile yenye aibu, ikiwa XML. Majina ya tagi nimejitungia mwenyewe, na XML inaruhusu:

<mchoro jina="chama">
  <hatua id="1" aina="mwanzo">Mwezi mpya</hatua>
  <hatua id="2" aina="swali">Mchango umeletwa?</hatua>
  <hatua id="3" aina="kazi">Andika kwa daftari</hatua>
  <hatua id="4" aina="kazi">Piga faini</hatua>
  <hatua id="5" aina="mwisho">Funga mwezi</hatua>
  <mshale kutoka="1" kwenda="2"/>
  <mshale kutoka="2" kwenda="3" jibu="ndio"/>
  <mshale kutoka="2" kwenda="4" jibu="la"/>
  <mshale kutoka="3" kwenda="5"/>
  <mshale kutoka="4" kwenda="5"/>
</mchoro>

Soma ule mshale wa mwisho. Kutoka 4 kwenda 5. Piga faini, funga mwezi. Lile kosa msimamizi aliliona kwa mchoro, sasa liko pale kwa maandishi, mstari mmoja. Nautoa huo mstari, naongeza swali namba 6, "Faini imelipwa?", naongeza kisanduku namba 7, naandika mishale yao. Sijasogeza umbo lolote. Sijaomba ruhusa ya programu yoyote.

Na sihitaji hata kuandika hiyo XML kwa mkono. Kwa Python, maktaba ya kuandika XML inakuja ndani ya lugha yenyewe. Unaweka hatua zako kwa orodha, unapita kwa kila moja ukiunda tagi, unapita kwa mishale vilevile, unahifadhi. Kazi ya mistari 10 au 15. Kama sheria za chama ziko kwa jedwali, programu inasoma jedwali na mchoro unazaliwa. Sheria ikibadilika, unaendesha tena. Ndoto ya Lois Haibt, kwa laptopu ya mitumba.

Tena kuna faida ambayo picha haiwezi kukupa kamwe: faili linaweza kukaguliwa. Programu inaweza kuuliza: kuna swali lenye njia moja tu ya kutoka? Kuna kisanduku ambacho hakuna mshale unaokifikia? Na ukitumia Git, unaona hasa mstari gani ulibadilika, lini, na nani aliubadilisha. Kwa kazi ya kikundi hiyo inaokoa urafiki.

Nisiwauzie ndoto

XML haimalizi kila kitu. Kwanza, faili langu halisemi kisanduku kikae wapi kwenye ukurasa. Hiyo kazi ya kupanga ni ngumu kuliko inavyoonekana, ndio maana watafiti wameihangaikia miaka mingi. Mwaka wa 1981 Kozo Sugiyama na wenzake huko Japani walichapisha njia ya kupanga hatua kwa tabaka, juu hadi chini, huku ukipunguza mishale inayokatana. Programu za Bell Labs zilizokuja kuwa Graphviz zilifuata njia kama hiyo, na ni za bure hadi leo. Unampa Graphviz hatua na mishale, anakupangia.

Pili, XML ya Visio si XML ya draw.io. Zote ni maandishi unayoweza kusoma, lakini kila moja ina msamiati wake, kama Kiswahili cha Mombasa na cha Nairobi. Mnasikilizana, lakini kuna mahali utahitaji mtu wa kutafsiri. Tofauti ni kwamba faili likiwa maandishi, huyo mtafsiri unaweza kumwandika mwenyewe. Likiwa picha, huwezi.

Tatu, karatasi bado iko poa. Ukiwa unafikiria, chukua kalamu uchore ovyo. Hii vita yangu si dhidi ya karatasi. Ni dhidi ya kumaliza kazi ya wiki 3 halafu kitu pekee ulicho nacho ni PNG.

Na siku hizi tatizo limerudi kwa mlango mwingine. Naona wasee wakiambia akili bandia "nichoree flochati," wanapewa picha nzuri inayong'aa, wanabandika kwa ripoti. Mhadhiri akiuliza swali moja kama langu, wanaomba picha nyingine, na hiyo ya pili imebadilisha hata vitu ambavyo havikuulizwa. Ni kirula cha plastiki cha 1955 kimevaa suti. Kama lazima utumie hiyo njia, omba XML. Ifungue. Soma hatua moja moja. Kama huwezi kueleza kila mshale, huo mchoro si wako bado.

Watu walioanzisha haya mambo hawakuwa wanatafuta urembo. Gilbreth alitaka kujua fundi anachoka wapi. Haibt alitaka mchoro ambao haudanganyi. Goetz alitaka kazi ya mwandishi wa programu ihesabiwe kama kazi. Goldfarb na wenzake walitaka hati isife pamoja na mashine iliyoiandika. Ukihifadhi flochati yako kwa maandishi yaliyo wazi, unachukua kitu kutoka kwa kila mmoja wao. Ukihifadhi picha peke yake, unarudi kabatini na ile ramani ya uongo.

Kuna kitu kimoja lazima nikiri. Hakuna programu ingeniambia kwamba nimemsahau yule asiyelipa faini. Mishale yangu yote ilikuwa imeungana vizuri, kila kisanduku kinafikiwa. Kompyuta ingesema mchoro uko sawa. Ilibidi mtu aulize.

Ndio nikarudi nyumbani nikamuuliza mamangu: "Mum, kwani kwa chama mtu akikataa kulipa faini mnamfanya nini?" Mimi nilitarajia aniambie anafukuzwa. Akanitazama kama mtoto aliyepotea. "Kumfukuza? Mtu akikosa mara mbili, tunaenda kwake. Huwa kuna kitu. Mtoto mgonjwa, ama kazi imeisha."

Kwa hivyo kisanduku namba 7 kwa faili langu kinasema "Mtembelee nyumbani." Ni mstari mmoja wa maandishi, na bado unafunguka.

Sasa wewe, angalia ile kazi uliyofanya muhula uliopita. Ukiulizwa swali moja leo, unaweza kuifungua?